Mpira wa Bi Nurjehan

Bi Nurjehan anaishi ghorofani, juu ya duka la vitambaa la Natwarlal, katikati ya mji wa Dodoma. Sebuleni kwake kuna tangi la kioo la samaki wekundu. Marehemu mumewe alilinunua, akamwachia na kazi yake: kila Alhamisi kupunguza robo ya maji na kuongeza mengine, yaliyolala kwenye ndoo mpaka harufu ya dawa ya kuulia vijidudu iishe.

Ndoo hizo alizipandisha mwenyewe kutoka bomba la uani, kwa ngazi nyembamba za saruji. Mwezi wa Mei aliteleza akavunjika mkono. Mehjabin, binti yake pekee, alikuja kutoka Dar es Salaam kumuuguza, na alipoondoka aliacha onyo.

"Mama, siku utakaposhindwa kuwahudumia hao samaki, nakuja kukuchukua. Sisubiri uvunjike nyonga."

"Nikafanye nini Dar? Nikae kwenye kochi lako niangalie tamthilia?"

"Ndiyo. Wenzako wanaangalia."

Bi Nurjehan hakutaka. Dodoma ndiko alikomzika mumewe, na mtaani kwake hata akikohoa watu wanajua ni yeye. Akamwita Zablon, fundi bomba wa Nzuguni.

"Shikamoo mama. Kumbe leo wateja wangu ni samaki?"

"Marahaba. Hao hawalalamiki fundi akichelewa."

Zablon aliteremsha mpira kutoka tangi la paani, ambamo maji hulala mpaka dawa iishe, akaupitisha dirishani na kuufunga kwenye ukingo wa kioo, na koki ndogo mwishoni. Mpira wa pili ulinyonya maji machafu na kuyapeleka uani kwenye mkomamanga. "Ndoo basi tena," alisema. "Mkono mmoja unatosha."

Ukatosha kweli. Juni yote Bi Nurjehan alibadilisha maji akiwa amekaa kwenye kigoda. Mehjabin alipopiga simu jioni kuuliza, alijibiwa, "Nimebadilisha, hata kanga haikulowa."

Alhamisi moja ya Julai, mgao wa maji ulikuwa umechelewa. Bi Nurjehan alipunguza robo yake kama kawaida, akafunga mpira wa kutolea, akafungua koki. Mpira ulikoroma kidogo, ukanyamaza. Tangi la paani lilikuwa tupu. Alikuwa bado anasubiri alipoitwa msibani, nyumba ya jirani. Akajitupia mtandio akatoka. Koki ilibaki wazi, kama zinavyobaki nyingi mjini humu siku za mgao.

Aliporudi alimkuta Natwarlal mlangoni pa duka, amekumbatia jora la kitambaa linalochuruzika.

"Nurjehanben," alisema, akimwita dada kwa Kigujarati, "maji yamerudi."

Juu, maji yalikuwa yanafurika kutoka kwenye kioo. Zulia lilikuwa zito kama tope. Samaki kadhaa walilala ubavu chini ya kochi. Waliobaki walikuwa wanahema juu juu, katika maji yanayonuka dawa. Alifunga koki, akakaa kwenye kigoda chake, bado amevaa viatu alivyoendea msibani.

Natwarlal alipanda na tambara la deki. "Mimi sijaona kitu."

"Mehjabin ana namba yako."

"Simu yangu mbovu tangu asubuhi."

Bi Nurjehan alitaka kucheka, akashindwa.

Jioni simu yake ikalia.

"Umebadilisha maji, mama?"

"Nimebadilisha."

Matone yalikuwa bado yanadondoka kutoka mezani, yakigonga beseni la bati.

"Nini hicho kinadondoka?"

"Mvua."

Mehjabin alizaliwa katika nyumba hiyohiyo. Alikua akiuona Julai wa Dodoma, vumbi na upepo mkavu, mwezi mzima bila wingu la maana.

"Mvua," alirudia taratibu. Bi Nurjehan alingoja ukali. Badala yake ikaja sauti ya upole, ambayo aliiogopa zaidi. "Wamebaki wangapi?"

Alisogea kwenye kioo, akahesabu.

"Watatu."

"Nakuja Jumamosi, mama. Tutafute ndoo yenye kifuniko, tuondoke nao."