Wenzangu Walipokaa Chini

Kwa miaka mitatu nilikuwa karani wa mahudhurio kwenye shamba la maua chini ya Mlima Meru, na kwa mwaka mmoja kati ya hiyo mitatu nilijiita mjamaa. Siku hizi sijui nijiite nani.

Kila asubuhi nilisimama getini na daftari, nikiandika nani ameingia. Wengi walikuwa wanawake wa Nkoaranga, kijijini kwetu. Walishuka kwa miguu kwenye vijia vya mteremko, na mvua ikiwa imenyesha walifika viatu mkononi, wakaosha miguu kwenye bomba la getini. Mimi nilikuwa nimeshahamia mjini, chumba cha kupanga Sokon One, na nilifika na viatu vikavu. Nilikuwa na cheti cha kidato cha sita na mwandiko mzuri. Tofauti yetu ilikuwa hiyo tu, lakini ilitosha mimi kushika kalamu na wao kushika mikasi.

Mjini nilikuwa na kikundi cha kusoma. Tulikutana Jumamosi mchana kwenye chumba cha fundi cherehani, watu saba au wanane, tukikaa juu ya marobota ya vitambaa. Alikuwepo mwalimu mstaafu aliyewahi kuishi kijiji cha ujamaa alipokuwa kijana. Alikuwepo mpagazi anayebeba mizigo ya watalii mlimani, na wanafunzi wawili wa chuo. Tuliitana ndugu. Mara ya kwanza neno hilo lilinichekesha, baadaye nikalipenda kuliko jina langu.

Swali letu lilikuwa moja: mji huu ndio uliotangaza ujamaa, sasa umebaki nini? Wanafunzi walikuwa na maneno mengi. Mwalimu alikuwa na machache.

"Ujamaa wetu ulikuja kwa barua kutoka wilayani," alisema siku moja. "Tuliambiwa tuhame Jumatatu, tukahama Jumatatu. Hakuna aliyetuuliza kitu. Mkitaka kuanza upya, anzeni na watu wanapoumia, na muwaulize wao."

Nikasema, "Mimi najua wanapoumia."

Nilijua kweli. Kwenye mabanda ya nailoni, dawa ya wadudu ilipulizwa alfajiri, na wanawake waliingizwa kukata waridi kabla majani hayajakauka. Walitoka macho mekundu na kikohozi kikavu. Glavu zilikuwepo, lakini zilitoboka na hazikubadilishwa. Walinionyesha mikono yao mimi, karani, kama vile kuandika kwangu kungesaidia chochote.

Aliyekuwa akinionyesha zaidi ni dada mmoja aliyeishi jirani na nyumbani kwetu. Namwita dada kwa heshima tu. Alinizidi miaka kumi na mitano hivi, alikuwa mjane, na nilipokuwa mdogo alinibeba mgongoni mama yangu alipokwenda sokoni. Alikuwa akiimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika, sauti nene iliyowashika wengine wasipotee, na mwaka ule alikuwa ameacha kwaya kwa sababu ya kifua. Mchana alikuwa akinigawia loshoro yake, ule uji mzito wa mahindi na maziwa ya mgando, nami nikawa namwambia niliyoyasikia Jumamosi.

"Hao wenzako wanataka nini hasa?" aliniuliza.

"Wanataka wanaofanya kazi ndio waamue kazi ifanyikeje."

Alitafuna kidogo. "Basi mimi naamua dawa ikauke kwanza."

Nilipeleka maneno hayo kwenye kikundi, na kwa wiki nne tukayapangia mkakati. Mwanafunzi mmoja alisema zamani migomo ilivunjwa kwa kumshika kiongozi, kwa hiyo sasa pasiwe na kiongozi. Mpagazi akasema wakiulizwa nani kawatuma, wajibu kwa pamoja: sote. Mimi ndiye niliyeupeleka mpango ule shambani, banda kwa banda, kwa kisingizio cha kuhakiki majina. Nilifurahi sana siku zile. Nilitembea na lile daftari kama mtu aliyeficha moto chini ya koti.

Dada ndiye aliyesita. "Mdogo wangu, na wewe utakaa?"

"Nitakaa. Mimi na wewe bega kwa bega."

Hayo ndiyo maneno niliyomwambia. Nayakumbuka kwa sababu sikuyatafuta, yalikuja yenyewe.

Siku ilipofika, wanawake ishirini na wawili walifika mlangoni pa banda la tatu, harufu ya dawa ikiwa bado kali, wakakaa chini kwenye nyasi. Hakuna aliyepiga kelele. Walikaa kama watu wanaosubiri ibada ianze. Dada alikuwa mbele kabisa, miguu ameinyoosha, kanga ameifunga kiunoni. Pembeni yake aliacha nafasi.

Mimi nilikuwa natoka getini, hatua kama thelathini hivi. Nilikuwa njiani kabisa kwenda kukaa. Meneja akanipita akitembea haraka, akafika kabla yangu.

"Nani kawaambia mkae?"

"Sote," walijibu.

"Nimeuliza nani."

"Sote."

Akageuka akaniona nimesimama. Hakuwa mtu wa kufoka. Aliniuliza kwa upole, na nadhani upole ule ndio ulionimaliza.

"Karani, na wewe uko nao?"

Nikasema, "Hapana, nimekuja kuchukua mahudhurio."

"Vizuri. Andika majina ya wote waliokaa."

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilifikiria nini. Nilifikiria kodi ya chumba? Mama yangu? Ningependa iwe hivyo, maana ingekuwa sababu. Ukweli ni kwamba sikufikiria kitu. Mkono ulifungua ukurasa mpya kama ulivyozoea, nikaanza kuandika. Sikuhitaji kumuuliza mtu jina. Wote nilikuwa nawajua kwa jina la kwanza, la baba na la ukoo. Nilianza na aliyekuwa mbele.

Dada alinitazama nikiliandika jina lake. Hakukunja uso. Aliivuta miguu yake akaikunja, na ile nafasi pembeni yake ikawa haipo tena.

Nilipofika jina la sita au la saba, mwanamke mmoja wa nyuma akasimama. Meneja akasema, "Huyo mfute." Nikapiga mstari. Akasimama mwingine, nikapiga mstari. Ukali wa meneja usingewainua, nina hakika, walishauzoea. Waliinuliwa na kalamu. Kila aliyesimama alipita karibu yangu akiingia bandani. Mwisho walibaki wanne chini, dada na wengine watatu. Tulikuwa tumeapa kwamba hakuna viongozi, na mimi, kwa mwandiko wangu mzuri, nikampatia meneja viongozi wanne.

Waliachishwa kazi siku hiyohiyo. Mlinzi aliwasindikiza hadi getini. Walivua mabuti ya shamba, wakayapanga vizuri pembeni, wakaanza kupanda kwenda kwao miguu mitupu.

Jumamosi nilikwenda kwenye kikundi. Niliwaambia wenzangu kwamba wanawake walikaa, kwamba walisema "sote", kwamba wanne wamefukuzwa. Yote yalikuwa kweli. Sikuwaambia nani aliandika. Mwalimu alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, ndugu. Lazima iliuma kuwa pale."

"Iliuma," nikasema.

Miezi miwili baadaye msichana mmoja alianguka ndani ya banda la tano. Wenzake hawakukaa chini safari hii. Walimbeba wenyewe kwenye kanga kumpandisha hospitalini, na nyuma yao, bila mtu kutangaza, mabanda yote yakamwagika. Walitoka wakaenda. Ilikuwa wiki ya oda kubwa kuliko zote, na waridi likishafunguka halisafirishwi tena. Nilisimama getini na daftari langu, na hapakuwa na wa kumwandika, maana ukurasa wa waliotoka ungekuwa shamba zima. Hakuna aliyekuwa amenidokeza. Nilijua habari kama meneja alivyojua, kwa kuona migongo yao barabarani.

Siku ya tatu ukabandikwa ukutani utaratibu mpya: dawa itapulizwa Jumamosi jioni, watu wakishaondoka, na glavu zitabadilishwa kila wiki. Wakarudi kazini. Kuhusu wale wanne ukuta haukusema kitu.

Kwenye kikundi ilikuwa sherehe. Fundi alinunua soda. Mwanafunzi alisema sasa tumeona mapinduzi ya siku hizi yanavyofanana: hayana jukwaa, hayana bendera, watu wanajifunza kwa kosa la kwanza. Mwalimu akaniomba niandike simulizi ya mambo yote yale, isomwe na vijana wengine. Nikaandika kurasa nane. Nilipofika ile asubuhi ya banda la tatu nikaandika, "Tulikaa kwenye nyasi." Tulikaa. Niliisoma mbele yao kwa sauti, na sauti haikutetemeka. Mpagazi alifuta machozi. Nilipoona machozi yale ndipo nilipojua siwezi tena kula wala kulala vizuri mpaka nimwone dada.

Nilipanda Nkoaranga Jumapili baada ya ibada. Nilimkuta akipalilia kahawa chini ya migomba, pamoja na wale watatu. Kumbe tangu wafukuzwe walikuwa wanalimiana mashamba kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mboga walipeleka sokoni kwa pamoja. Nilisema shikamoo. Wawili waliitikia, mmoja akaendelea kulima.

"Umekonda," dada aliniambia.

"Dada, nimekuja kuomba msamaha."

"Kwa lipi?"

Alitaka nilitaje. Nikalitaja, nikiwa nimesimama kwenye udongo laini na viatu vyangu vya kanisani. Nikamwambia na la kurasa nane pia, na lile neno "tulikaa".

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Nadhani la kuandika jina lake alikuwa ameshalimeza kitambo. Hili la pili ndilo lililokuwa jipya.

"Kwa hiyo huko mjini wewe ulikaa na sisi."

"Ndiyo."

"Na wakakupa pole."

"Ndiyo, dada."

Alikohoa, muda mrefu, akiegemea jembe. Kisha akasema, "Nenda kwanza ukawaambie hao ndugu zako. Ukishawaambia, ndipo urudi hapa tuzungumze. Mimi siwezi kumsamehe mtu ambaye bado anasema uongo juu yangu."

Jumamosi iliyofuata niliwaambia. Nilisimama, maana kukaa kulinishinda. Fundi aliacha kukanyaga cherehani. Mwanafunzi aliyesifu mapinduzi ya siku hizi alitazama simu yake, ambayo ilikuwa imezimwa. Mwalimu alifumba macho, akasema tu kwamba enzi za vijiji na yeye aliagizwa kuandika orodha ya waliokataa kuhama, akaiandika, na kwamba hajui kama aniambie hivyo kunifariji au kujifariji mwenyewe. Mpagazi ndiye aliyeniuliza.

"Ndugu, habari yako nimeisimulia mlimani. Wapagazi wenzangu wanataka kukataa mizigo mizito kupita kiasi, na niliwaambia, yupo karani mmoja aliyeacha daftari akakaa chini na wenzake. Sasa niwaambie nini?"

"Waambie ukweli."

"Wakiogopa?"

Aliondoka, na wiki mbili hakuja. Alipokuja alinisalimia kwa kichwa. Sikumuuliza mlimani kulikwendaje, nilijiona sina haki ya kuuliza.

Kazi niliiacha, lakini nisijipambe: mkataba uliisha na sikuomba mwingine. Hakuna aliyenifukuza. Sasa nafundisha tuisheni Engutoto, na Jumamosi moja kila mwezi kikundi kinapanda Nkoaranga badala ya kukutana kwa fundi. Wazo hilo lilikuwa la dada. Alisema kama tunataka kuzungumza habari za kazi, tuzungumze mikono ikiwa inafanya kazi. Wanafunzi walilalamika juu ya mteremko, kisha wakazoea. Kikundi cha zamu sasa kina wanawake kumi na mmoja, na watano kati yao bado wanafanya kazi shambani kwenye maua. Wao ndio wanaotuambia kinachoendelea kule, na wao ndio wanaoamua nini kifanyike. Sisi tunauliza maswali tukiruhusiwa.

Dada hajaniambia amenisamehe. Siku niliyorudi baada ya kusema ukweli alinipa jembe na kunionyesha mstari wa mwisho kabisa, ule wenye mawe, peke yangu. Mwezi uliofuata akanisogeza mistari miwili karibu. Kifua chake hakijapona, akipalilia anasimama kila baada ya migomba mitatu, na nikisikia kile kikohozi sithubutu kuinua kichwa.

Juzi walikuwa wanajadili namna wale wanne watakavyodai kurudishwa kazini. Mmoja wa waliokuwa wamesimama siku ile, mmoja wa wale niliowapigia mstari, alilia akasema yeye ndiye atakayepeleka barua yao kwa meneja. Wakabishana nani aende naye. Nikafungua mdomo kusema nami nitakwenda.

"Wewe bado," dada alisema, bila kugeuka. "Chota maji, watu wana kiu."

Nikachukua ndoo nikateremka mtoni.