Kona Niliyoikunja Jamhuri

Mvua ya kwanza ya msimu ilipoanza kugonga paa letu la Waithaka, baba alivaa koti lake la mpira akatoka. Watu wakikimbilia ndani, yeye alikuwa anakwenda kusikiliza kazi. Ndivyo alivyosema, kusikiliza. Alipita nyumba kwa nyumba, zile alizozifungia gata, mifereji ya bati ya kukinga maji ya paa, wakati wa kiangazi, akasimama chini ya kila kiungo na kuweka kiganja mbele. Likianguka tone moja kiganjani, kesho yake alirudi na ngazi bila kuitwa na mtu. Mama alilalamika kwamba ameolewa na bata. Sisi tulicheka, na baba alicheka pia, huku maji yakimtiririka hadi kwenye zulia.

Biashara aliianzisha babu. Aliajiriwa kufagia katika karakana moja ya mjini, na huku akifagia akaiba ufundi kwa macho. Alipoacha kazi alirudi nyumbani na nyundo ya mbao na kipande cha reli, na juu ya hicho kipande akawa ananyoosha mapipa ya mafuta na kuyageuza karai na koroboi. Baba alirithi nyundo na reli, akaingia kwenye gata, maana nyumba zilikuwa zinajengwa eneo letu zima la Dagoretti na hakuna nyumba isiyo na paa. Ami yangu alikunja masanduku ya shule, mama akayapaka rangi.

Mimi nilipewa makaa. Kazi yangu ilikuwa kupepea jiko mpaka chuma cha kulehemu kiive. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, baba alinitania, nami nilinuna siku nzima, kwa sababu kuvukuta sikutaka. Nilitaka mkasi wa bati.

Nilimsumbua miaka. Nilipomaliza kidato cha nne, labda kwa kuchoka kuombwa, alinipa. Tulikuwa na kazi ya nyumba moja mtaa wa Jamhuri, nyumba iliyopinda katikati, na pale inapopinda mapaa mawili yanamwaga maji yote mahali pamoja. Hiyo kona ndiyo inayomfichua fundi. Nilipima mara tatu, nikakata, nikakunja juu ya reli ya babu, nikapiga ribiti, nikalehemu. Bati lilinitii. Baba aliigeuza kona huku na huku, tukaenda tukaifunga.

Wiki mbili baadaye mvua ikaja. Baba akatoka na koti lake, na mimi nikakaa mlangoni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Alirudi amelowa, akaomba chai, akanywa nusu kikombe.

"Ile kona yako inavuja," akasema.

"Wacha niende niitengeneze."

"Wachana nayo. Nimeshaimaliza."

Hakuniangalia. Wiki iliyofuata niliambiwa nimepata nafasi chuoni, mjini, nijifunze kazi ya ofisi. Sikubisha. Fundi ambaye kona yake inavuja atabisha na nini? Nikatundika mkasi kwenye msumari na sikuushika tena.

Nimefanya kazi katikati ya jiji maisha yangu yote ya utu uzima. Meza yangu iko ghorofa ya saba, kando ya dirisha, na mvua ikinyesha mimi huacha kila kitu nikaangalia mapaa yaliyo chini. Naona gata iliyopinda, naona kiungo kinachotema maji ukutani, nakasirika peke yangu. Wenzangu wanadhani naipenda mvua. Nikiri tu hapa: nimeitamani ile kazi kuliko nilivyowahi kumtamani mwanamume yeyote, na mume wangu anajua. Nimetamani harufu ya asidi ya kulehemu kwenye bati jipya, na ule mlio wa nyundo ya mbao asubuhi kabla ya jirani kuamka na kututukana. Na kila mara hamu iliponipanda, nilijikumbusha kwamba kona yangu ilivuja.

Barabara ile ya Jamhuri niliikwepa. Hata tukienda maonyesho ya kilimo ya karibu na hapo nilizunguka upande mwingine, eti kuna msongamano. Baba akafa. Ami akazeeka. Reli ya babu ilienda na wanunuzi wa vyuma vikuukuu, na mahali palipokuwa karakana yetu sasa panaoshwa magari.

Msimu huu nikasikia kwamba nyumba za zamani za barabara ile zinabomolewa, yanajengwa maghorofa. Nikaona hata aibu ina haki ya kuagwa. Jumamosi, mvua ikiwa imeshika, nikaenda.

Nyumba tatu zilikuwa zimeshaanguka. Ile ya kona yangu ilikuwa imesimama, kwa sababu mwenyewe, mwalimu mstaafu, amekataa kuuza. Alifungua geti akiwa na kanga kichwani.

"Mwalimu, mimi ni binti ya yule fundi wa gata, wa Waithaka."

"Haiya! Ingia, utanyeshewa."

"Nimekuja kuona ile kona. Pole kwa vile ilikusumbua. Najua ilivuja."

"Gani, hii?" Akanyoosha kidole. "Hii haijawahi vuja hata siku moja. Inanisumbua ni ile ya jikoni."

Nilisimama chini yake. Juu ya kichwa changu maji yalikuwa yanakuja kwa kishindo kutoka mapaa yote mawili. Niliweka kiganja, nikangoja. Kiganja kilibaki kikavu.

"Lakini baba alisema aliirekebisha," nikasema.

"Kurekebisha nini? Alisimama hapo kwa mvua mpaka nikadhani amegonjeka. Halafu akaniambia, mwalimu, hii imekaa sawa." Alicheka. "Na kila akipata fundi mpya alikuwa anamleta hapa. Anamwambia, angalia vile kona inakunjwa. Siku moja nikamuuliza nani alikunja. Akasema ni msichana wangu, sasa ako ofisi huko town."

Hasira ilinipanda kwanza. Nilitaka kumgombeza baba na hayupo wa kugombezwa. Najua alichokitaka. Kazi ya bati ilimwachia babu vidole saba, ami hakohoi bila kushika ukuta, na baba aliona mikono yangu akaogopa. Angeniambia hivyo ningembishia, na ningemshinda, naye alijua. Kwa hiyo akanipiga mahali ambapo fundi hana jibu. Mafundi wote waliopita kwake walionyeshwa kazi yangu wakaambiwa ni nzuri. Mimi tu sikuambiwa.

Mwalimu aliniletea kiti barazani.

"Basi si unitengenezee hiyo ya jikoni?" akasema. "Kazi si unajua. Mafundi wa siku hizi wananipaka tu lami."

Nilitazama mikono yangu. Vidole vyote kumi viko, vizima, laini, kucha zimepakwa rangi. Nikajaribu kukumbuka ni kiasi gani cha bati mtu huacha kwa ajili ya mkunjo, na sikukumbuka.

"Sijui tena, mwalimu," nikamwambia, nikalia pale barazani kwa watu bila haya.