Pete moja, siri mbili, na sonara mmoja katikati

Saa nne kasorobo asubuhi. Ndani ya kibanda chembamba kilichobanwa kati ya duka la viatu na ngazi za kwenda kwa daktari wa meno, sonara anang'arisha pete kwa kitambaa cha pamba, jicho moja likiwa mlangoni. Leo anangoja wateja wawili kwa pete moja. Kila mmoja anaamini anakuja peke yake.

"Nikitoka salama hapa leo, nafunga mapema," anasema, na kucheka.

Wateja humwita Bi Nakshi, kwa sababu kazi yake kubwa ni kuchora maneno ndani ya pete. Ana miaka arobaini na saba, watoto watatu, mume anayeoka mikate mtaa wa pili, na mgongo unaomkumbusha kila jioni kwamba kiti chake hakina egemeo. Siku nzuri hupata wateja sita. Siku mbaya hubadilisha betri ya saa moja na kurudi nyumbani.

Kazi alifundishwa na shangazi yake, pamoja na masharti mawili. La kwanza, usichore neno kabla mwenye nalo hajakueleza analitumiaje. La pili, linalosemwa hapa mezani halitoki mlangoni.

Sharti la kwanza limemchekesha sana. Neno linaloagizwa kuliko yote ni uaminifu, na wengi hulitaka kwa Kiingereza.

"Hapo maswali yanaanza," anasema. "Wa timu ya mpira anataka loyalty, yaani hataihama hata ikifungwa kila wiki. Wa ndoa namshauri fidelity, kwa sababu hilo ni la kushika ahadi uliyoitoa kwa kinywa chako. Yuko mmoja alitaka fidelity kwenye mkanda wa mbwa. Nikamuuliza, kwani mbwa alikuahidi nini? Akaenda zake kununua kengele."

Sharti la pili ndilo lililomtia mashakani wiki hii.

Jumatatu alikuja mzee mmoja, karani mstaafu, amevaa koti na jua lote lile. Akatoa pete ya dhahabu ndani ya soksi ya mtoto. Kwa ndani ilichorwa kwa herufi zenye mikia: FIDELITY. Mzee alieleza kuwa neno hilo alilichagua kwa makusudi ujanani, kwa sababu shemeji zake hawakujua Kiingereza, hivyo wasingepata pa kumtania.

Sasa mkewe amenenepa, pete ikambana, akaivua na kuiweka kwenye kikombe kabatini. Jumamosi wanatimiza miaka arobaini ya ndoa mbele ya watoto na wajukuu, na mzee anataka kumvisha upya. Mkewe asijue kitu. Sonara akaahidi.

Kipimo je? Mzee akatoa uzi. Alikuwa amemzungushia mkewe kidoleni akiwa amelala mchana. Sonara akautazama uzi, akamtazama mwenye uzi.

"Baba, huyu mama ana kidole au ana mpini wa jembe?"

Mzee akakiri kwamba mkono ulikuwa chini ya shuka.

Jumatano, kabla pete haijaguswa, bibi mmoja aliingia akihema. Alitaka pete mpya, hata ya bandia, mradi ing'ae, na ndani iandikwe FIDELITY kwa herufi zenye mikia. Ya kwake imepotea. Amemwaga kopo la unga, amefungua bomba la sinki, amewagombeza wajukuu wasio na kosa. Asipopata nyingine, Jumamosi atasingizia homa ajifungie chumbani, kuliko mumewe aone kidole kitupu mbele ya watu wote wale.

Pete yenyewe ilikuwa kwenye droo, shibiri moja kutoka alipoegemea.

"Ulimi uliniwasha," anasimulia sonara. "Nikisema, nimevunja neno nililompa mzee. Nikinyamaza, huyu mama anajifungia siku ya sherehe yake mwenyewe. Na kumtengenezea ya bandia siwezi. Hapo ningekuwa nawadanganya wote wawili."

Ili apate nafasi ya kufikiri, akauliza swali la shangazi. Neno hilo, kwake yeye, ni nini?

Bibi alitafakari. "Mwanangu, yule mzee anakoroma kama gari bovu, na hakuna mtu amewahi kulisikia hilo kutoka kwangu."

"Hata mimi sijasikia, mama," sonara akajibu, na papo hapo akajua la kufanya. Akaomba kidole, akakipima. Kumbe mzee alikuwa amepima kidole gumba. Akamwambia bibi arudi Ijumaa saa nne. Mzee naye akaambiwa Ijumaa saa nne.

"Siri ya mtu sikuitoa," anasema. "Nimepanga saa tu."

Kazi yenyewe ilikuwa na mtihani wake. Ili kuipanua pete huna budi kuikata, kuifungua, na kulehemu kipande cha dhahabu katikati. Upande usio na maandishi ulikuwa umelika hadi kuwa mwembamba kama jani, usingestahimili moto. Ikabidi akate katikati ya neno. Sasa linasomeka FIDE, kisha pengo la dhahabu tupu, kisha LITY.

Saa nne. Mzee anaingia. Kabla hajasalimu, bibi yuko nyuma yake.

"Wewe umefuata nini huku?" mzee anauliza.

"Na wewe je? Si ulikwenda kunyoa?"

"Na wewe si ulikwenda kununua vitunguu?"

Sonara anaiweka pete juu ya kitambaa cheusi.

Bibi anaitambua. Anakaa kwenye kile kiti kisicho na egemeo, na kicheko kinamtoka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Nimemwaga unga wote, nawe unanitazama tu?"

"Uliniambia unatafuta wadudu. Si nilikusaidia kumwaga?"

Sonara anawaonyesha pengo. Anaweza kulijaza kwa ua dogo, au kulichora neno lote upya. Bibi anainua pete kwenye mwanga.

"Liache. Hapo ndipo tuliponuniana mwaka mzima kwa ajili ya dada yako. Halafu neno likaendelea."

"Haukuwa mwaka," mzee ananung'unika. "Ilikuwa miezi minane."

Kuvishwa ni kesho, mbele ya watu, bibi anasisitiza, leo anaijaribu tu. Anaijaribu. Inaingia bila kusukumwa. Wanatoka wakibishana kuhusu vitunguu, na pete haijavuliwa.

Bi Nakshi anakunja kitambaa. Mwakani anataka kuongeza kiti cha pili, cha binti yake, anayetaka kujifunza kazi, na safari hii kitakuwa na egemeo. Anao mpango mwingine. Pete yake mwenyewe, baada ya miaka ishirini na miwili ya ndoa, ndani ni tupu. Hakuwahi kupata neno.

"Nangoja inibane," anasema, akiizungusha kidoleni. "Mume wangu anarudi na mikate ya moto kila jioni, kwa hiyo haitachukua muda. Siku hiyo nitaikata, niipanue, na tutakaa wawili tuone cha kuandika kando ya pengo."