Haludi ya Kizuka

Bibi yangu, Bi Mwanakheir, kazi yake ilikuwa kuhudumia vizuka, yaani wajane walio edani, pale mtaani kwetu Malindi. Mume wa mtu akifa, bibi huitwa, akakaa na mjane chumbani mpaka eda iishe. Humtilia maji ya kuoga, humpikia uji, na humkumbusha yaliyo haramu kwake: asijipambe, asitoke ovyo, asijitie manukato. Katika vizuka wote aliowatunza, mmoja tu alikuwa akimtaja kwa sauti ya chini, naye ni Bi Ruqaya binti Nasibu. Namwandika hapa kwa sababu watu wa mtaa wetu wanamsengenya mpaka leo, na wengi wao hawakijui wanachokisema.

Bi Ruqaya hakuwa mtu wa ajabu. Alikuwa mwanamke mwembamba wa Kiarabu, mke wa Suud, mama wa binti mmoja aitwaye Tamima. Alikuwa mwoga wa radi, mwoga wa paka, na zaidi ya yote mwoga wa midomo ya watu. Akicheka kidogo kwa sauti, hutazama dirishani kuona kama kuna aliyemsikia.

Kitu kimoja tu hakukiogopa, nacho ni kutengeneza haludi, manukato ya kujipaka. Mama yake alimfundisha kuchanganya mafuta ya udi na ambari, miski na maua ya mkilua, kisha kuyafunga kwa nta na kuyaweka mahali pa baridi miaka na miaka. Haludi ni kama hasira za mwanamke, kadiri inavyowekwa ndivyo inavyozidi nguvu. Wenye nazo wakiiweka kama wengine wanavyoweka dhahabu, na mjini wakiiweka kwa Karsan, mfanyabiashara wa manukato wa Hurumzi, aliyekuwa na ghala lenye kuta nene lisiloingia joto.

Hapo ndipo Bi Ruqaya alipokosea, na ni kosa letu sisi watu wa mji. Jina la mwanamke mwenye heshima halitajwi sokoni. Kwa hiyo mitungi yake miwili ya kaure, aliyoijaza yeye na mama yake, ilipelekwa kwa Karsan kwa jina la mumewe, ikagongwa muhuri wa Suud, ikapangwa pamoja na mitungi mitatu ambayo Suud mwenyewe aliinunua. Mali ya mwanamke tunaisitiri sana, mpaka mwenyewe anaipoteza.

Suud akafa kwa homa. Bi Ruqaya akaingia edani, na eda haijafika nusu, zikaja habari kwamba Karsan amefilisika. Meli iliyobeba mali yake ilizama, wanaomdai wakamvamia, na serikali ikatia lakiri mlango wa ghala. Ikatangazwa kuwa kila mwenye amana yake aje Jumamosi aionyeshe mbele ya karani. Itakayobaki itapigwa mnada.

Siku ya pili yake akaja shemegi yake, Turki, kaka wa marehemu, mwenye shamba Kiembe Samaki. Akasimama nje ya pazia, akatoa salamu, akasema kuwa Jumamosi atakwenda kuchukua mitungi mitano ya ndugu yake. Mirathi itagawanywa, na yeye ana fungu lake. Eda ikiisha, mama na mtoto wahamie kwake shamba, maana Suud hakuacha kitu kingine na mafungu yao atayashika yeye, na Tamima ataolewa na mwanawe Darwesh. Alisema yote hayo kwa upole, kama mtu anayegawa tende.

Mji mzima ulimjua Darwesh. Mke wake wa kwanza alirudishwa kwao na mkono uliovunjika, na wa pili alirudi mwenyewe usiku bila ya viatu. Nyumba ya Malindi ilikuwa wakfu wa ukoo wa mama yake Bi Ruqaya, hapana ambaye angeweza kumtoa. Chakula ndicho kilichokuwa hakipo. Akiwa na mitungi yake miwili ataweza kuuza haludi kwa maharusi kidogo kidogo, akae kwake na mwanawe. Akiikosa atakula kwa Turki, na mwenye kula kwa mtu hana sauti.

Alifikiri kumtuma mtu, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Nani angemsikiliza mtumwa wa zamani au mpishi mbele ya Turki? Usiku kucha alimuuliza bibi swali lile lile, kama Mungu atamghadhibikia akitoka. Bibi akamjibu kuwa sheria inamruhusu kizuka kutoka mchana kwa haja. Mtaa ndio haumruhusu.

Jumamosi akatoka. Alijifunika mpaka macho hayaonekani, bibi yuko nyuma yake, na kila kwenye baraza yenye watu aliegemea ukuta. Wanaume waliokuwa wakinywa kahawa walinyamaza walipomwona, na kunyamaza kule kulimtisha kuliko matusi. Alimwambia bibi kuwa anataka kurudi. Bibi akamwambia maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga.

Ghalani palijaa watu. Karsan alikuwa amekaa juu ya gunia, amekonda, hamtazami mtu. Turki alikuwa tayari mbele ya karani, na mitungi mitano imepangwa sakafuni, yote na muhuri wa Suud. Alipomtambua shemegi yake kwa mwendo, uso ulimbadilika.

"Bi Ruqaya, rudi nyumbani," alisema. "Kizuka hasimami sokoni."

Karani akauliza mwanamke huyu ni nani.

"Mimi ni Ruqaya binti Nasibu," alisema. "Mitungi miwili hapo ni yangu, nimeijaza mimi na mama yangu. Mitatu ni ya marehemu. Siitaki isiyo yangu."

Wanaume wote wakageuka. Jina lile halijapata kusikika nje ya ukumbi wa wanawake, na sasa lilikuwa limesemwa mbele ya mahamali na madalali. Karani, mtu mzima mwenye adabu, alimuuliza ataitambuaje hiyo miwili. Akasema ya kwake ina mkilua. Karsan akainua kichwa kwa mara ya kwanza, akasema kweli, mkilua yeye hajapata kuununua wala kuuuza, huo hutiwa na wanawake majumbani.

Turki akatabasamu. "Basi aifungue mwenyewe," alisema, "aitie mkononi, ainuse, atuonyeshe ipi yake."

Alijua anachokifanya. Haludi nzuri hainuswi kwenye kizibo, hupakwa kwenye ngozi ipate joto ndiyo iseme. Na kizuka akijipaka haludi mbele ya wanaume, hapana atakayeuliza haja yake ilikuwa nini. Bibi alisema alimwona Bi Ruqaya akimtazama Turki, kisha akiutazama mlango, akadhani atakimbia. Alipiga magoti. Alivunja nta, akachovya kidole, akajipaka nyuma ya mkono, mtungi baada ya mtungi, huku akisoma istighfari na machozi yakimtoka. Wa pili na wa nne akaisukuma kando. Karsan akanusa, karani akanusa, na mkilua ulikuwamo. Karani akamwambia achukue mali yake.

Walirudi na mitungi, na ile njia ya kurudi ilikuwa mbaya kuliko ya kwenda. Harufu ilitangulia. Watu walikuwa wakitoka kusali adhuhuri, na kila walipopita, vichwa viligeuka kumtazama mjane anayenukia kama bi harusi. Nyumbani alijisugua kwa ndimu, kwa jivu, kwa mchanga, mpaka ngozi ikachubuka. Haikutoka, maana mama yake alikuwa fundi.

Alasiri Turki akaja na wanawake wawili wa ukoo wao. Safari hii hakusimama nje ya pazia, aliingia mpaka ukumbini. Akasema mama aliyejitia manukato edani hafai kulea mwari, na Tamima atakwenda naye jioni hiyo hiyo. Wale wanawake wakamuunga mkono. Bi Ruqaya akamwambia achukue mitungi, yote miwili, amwachie mtoto tu. Turki akasema atachukua vyote.

Hapo mlango wa chumba cha ndani ukafunguka, akatoka Tamima. Walimnusa kabla ya kumwona. Alikuwa amejimiminia haludi kichwani, shingoni, kifuani, nguo zimemganda mwilini. Kwa watu wetu msichana ambaye hajaolewa hajitii haludi. Ni ya mke kwa mumewe, na mwari akinukia vile watu huuliza anamnukilia nani.

"Ami," alisema, "mama kajitia tone kwa haja. Mie nimejitia mtungi mzima kwa kupenda. Mwambie Darwesh, na waambie wote wa Kiembe Samaki."

Wale wanawake wakaziba pua kwa kanga. Turki akasema nyumba yake haiingii mwanamke wa namna hiyo. Akatoka, na wanawake nyuma yake, na kabla ya magharibi habari zilikuwa zimeshafika Kikwajuni.

Mtungi uliobaki uliwalisha miaka mingi, na mingine aliyoijaza tena baadaye. Maharusi wa mji waliinunua haludi yao kwa mlango wa nyuma, na mama zao wakipita mlango wa mbele bila ya salamu. Posa ya Darwesh haikutajwa tena. Wala posa ya mtu mwingine yeyote haikubisha hodi nyumba ile, si mwaka ule wala baadaye. Bi Ruqaya aliogopa mpaka anakata roho kwamba mwanawe atabaki peke yake duniani, na Tamima ndiye aliyekuwa amemshika mkono.