Mboga za Mama Mezani

Mama alipokuja kutoka Kibakwe kufanyiwa upasuaji wa tumbo, alishuka kwenye basi na mfuko wa salfeti uliojaa mboga. Mgonjwa hawezi hata kunyoosha mgongo, lakini mboga kabeba. Nilimgombeza pale pale stendi. Akanijibu kwamba mvua zinaisha, na mimi huku mjini, Area D, najilia tu mboga za sokoni zilizolala.

Walimlaza wodini siku hiyo hiyo. Kesho yake nilizipanga zile mboga juu ya meza ya chakula: majani ya kunde, mlenda, majani ya maboga na nyanya chungu sita. Mimi huchora. Wenzangu ofisini hunitania kwamba nachagua mboga kwa sababu hazilalamiki zikitoka mbaya. Safari hii sikuwa najifurahisha. Nilitaka zibaki vile vile alivyozileta, likitokea la kutokea. Hilo la kutokea sikulitaja, hata moyoni.

Dodoma si mahali pa kuchora majani. Upepo wake hunyonya maji kwenye kila kitu. Nilifunga madirisha, nikawa nazifunika mboga kwa kanga iliyoloa kila nilipopeleka uji hospitalini, na nikirudi nazinyunyizia maji. Rangi nayo ilinikaukia kwenye sahani kabla sijaichovya vizuri. Siku ya pili mlenda ukanyauka. Siku ya tatu majani ya kunde yakaanza kujikunja, na daktari akasema upasuaji umeahirishwa kwa sababu damu ya mama imepungua. Niliogopa. Jani moja nililichora mara tatu, na mara zote likatoka kama limekufa.

Siku ya nne wakamwingiza chumba cha upasuaji. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Mchana wakaniambia ametoka ila hajaamka, niende nyumbani nirudi jioni. Nikaondoka nikijiambia nitamalizia kunde, angalau mikono iwe na kazi.

Meza ilikuwa tupu.

Mdogo wake mama alikuwa amefika kutoka Mpwapwa nikiwa hospitalini, akachukua ufunguo kwa jirani. Nilimkuta uani, amekaa kwenye kigoda mbele ya sufuria ya maji ya moto. Nusu ya majani ya kunde ilikuwa imeshachovywa na kutandazwa juani juu ya mkeka. Mlenda ulikuwa umeanikwa peke yake, kwenye ungo.

Sikumwamkia. Nilimfokea mtu mzima yule, jirani akisikia.

“Nani kakwambia uziguse? Zile zilikuwa za kuchora!”

Aliniangalia, kisha akaendelea kutandaza.

“Mwanangu, kunde zikishaanza kujikunja si unaanika, unaweka? Wewe umeziacha mezani zinaoza. Mama yako akitoka huko, mpaka apate nguvu, kiangazi kitakuwa kimeshaingia. Atakula ugali na nini?”

Niliutazama ule mkeka. Yeye hakujua hata kama dada yake ameshaamka, lakini tayari alikuwa anamwekea mboga za Septemba. Mimi niliyekuwa nikienda hospitalini siku zote hizo nilikuwa namtengenezea kumbukumbu. Hakuna daktari aliyeniambia kwamba mama anakufa. Nilikuwa nimeanza kumzika mwenyewe, kidogo kidogo, kila nilipochovya brashi. Niliona aibu mpaka machozi yakanitoka.

Nikapiga magoti pale kwenye vumbi.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba. Kanawe hiyo rangi, uje tuanike zilizobaki kabla hujarudi kwa mama yako.”