Siku Walipong'oa Majani ya Kambo

Juzi, hapa mtaani Bel-Air, gari dogo lilipita chini ya dirisha langu likipaza sauti. Mwanamume aliyekuwa ndani alikuwa anatangaza chupa za dawa ya mimea: inatibu tumbo, inatibu mgongo, inatibu sukari, inatibu hata ndoa. Nilicheka peke yangu, rafiki yangu, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu jirani wa chini alikuwa anachemsha majani na harufu yake ikapanda, chungu na nzito. Mara moja mkono wa kambo ulikuwa tena kisogoni mwangu, ukinisukuma juu ya sufuria.

Kambo, ndivyo sisi wa Lubumbashi tunavyomwita bibi. Wangu aliishi Annexe, mahali ambapo jiji linachoka na mashamba ya mihogo yanaanza, na ni yeye aliyenilea tangu nilipoachishwa ziwa. Uwanja wake ulikuwa nusu nyumba, nusu msitu. Mchaichai ulikua mbele ya mlango, mpera kando ya kisima, alovera ndani ya makopo ya maziwa yaliyotoboka, na nyuma kabisa mikaratusi mirefu iliyopiga kelele za mvua hata siku ambazo mvua haikunyesha.

Usije ukafikiri alikuwa bibi wa kubembeleza. Kambo alitibu kama mtu anayepigana. Kikohozi cha mwezi wa sita, baridi inapopasua midomo, alikikabili kwa mikaratusi: alikuinamisha juu ya maji yanayotokota, akakufunika blanketi, kisha akakalia ncha yake ili usitoroke. Ndani kulikuwa giza na moto. Ulilia, ukatokwa kamasi, ukaapa kwamba umepona. "Unalia nini? Nimekuua?" aliuliza kutoka nje. Tumbo la kuhara alilipiga kwa majani ya mpera. Tumbo lililofunga alilipiga kwa kile kipira chekundu chenye mdomo mrefu, kinachosukuma maji kwa nyuma. Kipira kile kilikaa msumarini, na siku tuliyoona msumari mtupu, watoto wote tulikimbilia mihogoni, kambo nyuma yetu, kitenge kikipepea, akitukana ukoo wetu wote, ambao ulikuwa ukoo wake. Vita vilipokwisha alikupa bukari, ugali wetu, ya moto na sombe ya majani ya mihogo, akakupaka mawese kifuani kwa viganja vyake vikavu, na usingizi uliofuata sijaupata tena popote.

Watu wazima aliwaumika. Jirani yetu, dereva wa lori la samaki wa Kasenga, mwanamume mwenye shingo kama gogo, alikuja mara kwa mara na bega lililouma kwa sababu ya barabara mbovu. Kambo alichanja ngozi kwa wembe mpya, akabandika pembe ya mbuzi, akavuta hewa kwa mdomo kwenye ncha, akaziba kwa nta. Damu nzito ikajaa humo. Dereva aliuma kitambaa bila kulia, na mwishoni alizungusha mkono wake hewani kama mtu aliyefunguliwa kamba. "Kambo, weye njo hospitali yangu," alimwambia. Aliwaambia pia majirani wote kwamba kambo ndiye hospitali yake. Aliamini mikono ile kuliko kitu kingine chochote, na imani hiyo ndiyo iliyotuletea damu ya namna nyingine.

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, katikati ya msimu wa mvua, ardhi nyekundu imenata viatuni. Kambo alikuwa anatwanga sombe. Mke wa dereva akaingia mbio, binti yao mdogo mikononi, yule aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Mtoto alikuwa amekakamaa kama ubao, macho yamegeuka meupe, povu mdomoni.

"Kambo! Ndege imemukamata!"

Ndege ni jina la ugonjwa huo kwetu, homa inayomtikisa mtoto hadi mikono yake ipigepige kama mabawa. Na kila mtu wa mtaa alijua jambo moja kama anavyojua jina lake: mtoto mwenye ndege hachomwi sindano. Sindano ikiingia, ndege inaruka na roho yake. Dawa ni moshi wa manyoya ya kuku na majani makavu, mtoto akiwa chini ya kitenge.

Kambo aligusa paji la mtoto, akavuta mkono kama aliyegusa sufuria. Alimvua nguo, akamlaza ubavu kwenye mkeka, akaanza kumpangusa kwa kitambaa chenye maji. Dereva alikuwa amekwisha kufika, manyoya mkononi.

"Washa, kambo. Washa mbiyo!"

"Hapana. Hii si ya kwangu. Mumupeleke ku hospitali sasa hivi."

"Ku hospitali? Bamuchome sindano afe?"

"Iko na moto mu damu. Majani yangu haiwezi. Beba mutoto, papa, uende."

"Ya bantu bote unawezaka. Ya mutoto wangu njo hauwezi?"

Nikaona uso wake ukigeuka. Wazo lilimwingia polepole, kama maji yanavyoingia ndani ya kiatu. Mtu anayeweza kuponya, akikataa, basi ni yeye aliyetuma ugonjwa.

"Njo weye," alisema kwa sauti ya chini. "Njo weye ulimutumia."

Akalifunga lango kwa komeo, akasimama mbele yake. "Hakuna muntu anatoka. Washa."

Kambo hakubishana. Aliuchomoa mchi kwenye kinu, sombe ikidondoka, akampiga nao mkononi. Dereva alinguruma. Alimkamata kambo kwenye blauzi, akamtupa juu ya babula, jiko letu la makaa. Makaa yakatawanyika, kitenge kikashika moto, na harufu ya nywele zinazoungua ikajaa uwanja. Mimi niliruka kwenye mguu wa yule mtu nikamng'ata mpaka nikaonja chumvi. Teke lake lilinipeleka ukutani, na jino langu likabaki huko. Majirani walikuwa wanakuja, wengine bado na nguo za kanisani, wakichungulia juu ya ua.

Kambo alibingirika matopeni hadi moto ukazimika, akainuka. Mkono mmoja ulining'inia vibaya. Kwa ule mwingine alipiga tena, safari hii magoti, akitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

"Wangu nilimuweka mu moshi! Wa kwanza wangu! Nilikatala sindano, nikamufukiza, akanifia mu mikono! Unasikia? Nilimuua miye mwenyewe!"

Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mama yangu, binti yake. Aliichimbua siri ile kutoka tumboni mwake ili mtoto wa mtu mwingine aishi. Dereva akawageukia watu.

"Mumesikia? Amejisema mwenyewe! Anakulaka batoto!"

Jiwe la kwanza lilimpata kambo begani. La pili lilipasua nyusi yake. Na hapo, macho yote yakiwa kwa kambo, mama wa mtoto, aliyekuwa amesimama muda wote kama mti, alimwokota binti yake kwenye mkeka, akalisukuma komeo, akatoka. Nilisikia pikipiki ya abiria ikinguruma barabarani. Dereva alikimbia nyuma yake, akaanguka kwenye matope, akabaki anapiga ardhi kwa ngumi.

Watu walikuwa wamekuja na hasira, na hasira ilitafuta mahali pa kutua. Waliingia kwenye majani. Mapanga yaliangusha mikaratusi. Mpera ulikatwa ukiwa na matunda. Mwanamke mmoja wa kwaya, joho lake bado mwilini, aling'oa mchaichai kwa mikono miwili, akilia na kutukana, yeye ambaye juma lililopita alikuja kuombea mafua yake chai ya majani yale yale. Ile harufu! Kila kitu chenye dawa kikiwa kimepasuliwa kwa pamoja, kitamu na kichungu, pamoja na moshi na damu. Kambo alikaa chini, mkono uliovunjika mapajani, damu ikimwingia jichoni. Hakuitazama bustani yake. Alikuwa anatazama lango.

Mjomba wangu alitutoa pale kabla ya jioni kwa lori la makaa, kambo akiwa amefunikwa magunia, akatuleta hapa Bel-Air. Hatukurudi tena kuishi pale.

Mtoto alichomwa sindano. Aliwekewa maji, akapona, akarudi nyumbani akiwa mgongoni mwa mama yake. Na mtaa ulielewa hivi: majani ya mlozi, yaani mchawi, yaling'olewa, mtoto akapona. Mjomba alipokuja kutuambia, akifoka kwa ghadhabu, kambo alimkatiza.

"Bawache baseme. Mutoto iko anakula?"

Mwaka huu nilimkuta binti yule sokoni, kwenye meza ya samaki wakavu. Sikumjua mpaka alipotaja mtaa wake na lori la baba yake. Ana shingo ya baba yake.

"Weye hukusikiaka? Kulikuwa kambo mumoja mulozi kule, alitaka kunikula! Siku baling'oa majani yake, njo siku nilipona."

Alisimulia akicheka, mikono yake ikirukaruka, mwenye afya, mwenye makelele.

"Na mama yako anasemaka nini?"

"Mama?" Alifikiri kidogo. "Tukianza ile habari, mama anatokaka inje."

Annexe sasa, pale uwanja ulipokuwa, kuna nyumba za kupanga, sementi kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuna anayejua mpera ulisimama wapi. Kambo alifia hapa Bel-Air, mkono wake uliovunjika ukiwa umeunga vibaya, katika chumba kisichokuwa na hata kopo la udongo. Nilifungua mdomo nimwambie yote. Lakini binti alikuwa amekwisha kumgeukia mnunuzi mwingine, mzee aliyeinama kunusa samaki, akimtania kwamba ananusa kama paka wa mapadri, kwa sauti nzima, sauti iliyovuka soko lote.