Obdulia wa Kwenye Bango

Obdulia Cantú alikuwa mwanafunzi maarufu kuliko wote chuoni, ila hakuwahi kusoma hapo hata siku moja. Kazi yake ilikuwa usafi.

Mambo yalianza likizo ya kiangazi. Wanafunzi wengi wa chuo walikuwa watoto wa Wameksiko wachuma matufaha, na serikali ina fedha inazotenga kwa vyuo vya namna hiyo. Kuziomba kukataka picha. Mpiga picha akafika, wanafunzi wote wako mashambani. Akamkuta Obdulia akipiga deki, akamvika koti jeupe, akamkalisha mbele ya hadubini. Obdulia akachungulia, akaona kope zake tu. Picha ikawa bango, likabandikwa kila ukuta, fedha zikaja, maabara ikawa mpya, naye akaendelea kuifuta vumbi.

Lakini ile hadubini ilimkaa rohoni. Utotoni alitolewa shule akachume matufaha, na hilo lilimuuma mpaka leo. Alipoomba kusoma, mkuu wa chuo, Bwana Halvorsen, alimjibu kwa upole wa kuudhi kwamba fedha zile ni za wanafunzi.

Siku wakaguzi wa serikali walipokuja, bibi mmoja akasimama mbele ya bango.

"Huyu mama yuko wapi? Nataka nimwone."

Jasho likamtoka Halvorsen. "Leo... leo hana kipindi."

"Nipo!" Obdulia akaibuka na ndoo yake.

Shoga yake Chayo, waliyefanya naye usafi, akamvuta aproni. "We Obdulia, una wazimu? Utatufukuzisha kazi!"

"Niache. Sura si yangu?"

"Unasomea nini, mama?" mkaguzi akauliza.

"Baiolojia, bibie. Naanza Jumatatu, ada kinalipa chuo. Si ndiyo, Mkuu?"

Halvorsen alilitazama bango, akaitazama ndoo. "Ndi... ndiyo."

"Na hiyo ndoo?"

"Sasa nitakula nini, bibie? Picha hailipi."

Jumatatu Obdulia alikaa chini kabisa ya bango lake. Mwalimu akaweka ngozi ya kitunguu kwenye hadubini. Obdulia akachungulia, akaona vyumba vidogo vidogo vimepangwa kama matofali. Akalikaza jicho pale pale.

"Unaona nini?" Chayo akanong'ona kutoka mlangoni.

"Safari hii si kope," akasema, akijifuta machozi kwa mkono wa koti. Kisha akageukia darasa. "Jamani, nani ana kamera? Chayo, vaa lile koti pale, uje ukae hapa."